Uzi: Kulitayarisha ua la mashindano, uhalali unaishia wapi?

MtunzaWaridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Napanda waridi hapa Oregon, Marekani, na kila Juni hujitolea kuwa karani wa majaji kwenye maonyesho ya maua. Karani hahukumu. Anamfuata jaji meza kwa meza, anaandika kadi, na anasikia kila neno linalosemwa juu ya kila ua. Picha za maua yaliyoshinda huwa nawatumia ndugu na marafiki, na swali linalorudi ni lile lile: haya ni maua ya kweli au mmeyachezea?

Swali ni la haki kabisa. Ua lililoshinda halikutoka bustanini vile unavyoliona mezani. Limeshikwashikwa, na kushikwashikwa huko kunaruhusiwa. Huku tunafuata kanuni za American Rose Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1892. Waridi linapimwa kwa alama 100: umbo 25, rangi 20, shina na majani 20, uimara wa petali 15, uwiano 10, ukubwa 10. Shikeni hesabu hiyo, maana ubishi wote unaanzia hapo.

Sasa chukueni usiku wa kuamkia mashindano. Mpandaji amekata waridi lake, tuseme Gemini, lile la rangi ya krimu lenye kingo za pinki, ambalo limechukua zawadi nyingi sana katika maonyesho ya huku. Limefunguka nusu, lakini petali moja ya nje imegoma kushuka. Anaviringisha kipande cha pamba, kidogo kuliko ncha ya kidole, anakipenyeza nyuma ya petali hiyo na kuliacha ua lilale hivyo ndani ya maji. Asubuhi anaitoa pamba kwa kibano, petali imeshuka mahali pake. Anapangusa vumbi kwa brashi laini ya kuchorea. Majani anayafuta kwa kitambaa chenye maji, kisha anayasugua taratibu kwa kipande cha soksi ya nailoni mpaka yanang'aa bila kupakwa kitu. Jani lililotafunwa na mdudu ukingoni analipunguza kwa mkasi wenye meno, ili ukingo mpya ufanane na meno ya jani lenyewe.

Hayo yote ni halali. Ila ukipaka tone la mafuta kwenye jani hilo hilo, ukigusa petali kwa rangi au ukitia gundi, ua linaondolewa mashindanoni. Halipunguziwi alama, linaondolewa. Kanuni inakataza kitu chochote kigeni kupakwa kwenye ua, shina au jani ili kulipendezesha.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kuondoa ni sawa, kuongeza si sawa. Karibuni mnipinge.

KakaWaNaivasha

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi niko shamba la maua huku Naivasha, upande wa kupanga madaraja. Waridi letu linakatwa likiwa bado limefumba, linaingia chumba cha baridi, shina linapimwa kwa sentimita, 40, 50, 60, 70, majani ya chini yanatolewa, petali za nje zilizokwaruzwa zinatolewa, halafu linapanda ndege. Kuna mashamba yanavalisha tumba kofia ya wavu likiwa bado mtini, ili kichwa kinenepe kabla ya kufunguka. Hakuna anayetuita waongo kwa hayo. Mnunuzi anataka ua zuri, analipata, basi. Sasa ninyi mbona mnanyimana pumzi kwa tone la mafuta?

MtunzaWaridi

Kaka, ninyi mnauza ua. Mteja analipia anachokiona, na nani alilivalisha wavu hakumhusu. Kwenye maonyesho hakuna anayenunua chochote. Zawadi nyingi ni utepe, au kikombe ambacho mwakani unakirudisha. Kinachoshindaniwa ni dai: ua hili nimelikuza mimi, kwenye bustani yangu, nje, kwa jua na mvua. Ile kadi inayokaa na chombo, yenye jina la aina ya waridi na jina la mpandaji likiwa limefichwa jaji asilione, ndiyo dai lenyewe kwa maandishi.

Mafuta yanalivunja dai hilo kwa sababu mng'ao wa jani ni ushahidi. Jani linang'aa kwa sababu mti ulipata maji kwa wakati, mizizi iko sawa, mbolea haikuzidi wala kupungua. Ni kazi ya miezi. Mtu akiununua mng'ao kwenye chupa, jaji anatoa alama kwa kitu ambacho hakikufanyika.

Na kwa kuwa umeitaja Naivasha, niseme na hili. Udanganyifu mkubwa kuliko wote ni kununua ua dukani na kuliweka mezani kama lako. Huko Ulaya waridi la dukani mara nyingi ni la Kenya, pengine limepita mikononi mwako. Macho yaliyozoea hulitambua: shina refu lililonyooka la greenhouse, sehemu ya chini imevuliwa majani, na aina zenyewe zimezalishwa kuvumilia safari, si kukaa kwenye bustani ya nyumbani. Halafu kuna mtego wa jina. Kadi inadai jina kamili la aina, na ua lisilo na jina au lenye jina lisilo lake halihukumiwi kabisa. Aliyenunua kwenye ndoo ya supamaketi hajui alichobeba.

MamaLimuru

Nimesoma yote, mwanangu, na nakushukuru kwa kueleza vizuri. Lakini hiyo kanuni yako ya kuondoa na kuongeza haisimami. Nimepanda waridi Limuru miaka mingi, na huku baridi na ukungu vinatuletea madoa meusi kila msimu. Doa nalo ni ushahidi wa afya ya mti, au sivyo? Mtu akilikata kwa huo mkasi wako wenye meno, hajaongeza kitu, ameondoa tu. Na jaji amedanganywa kuhusu ugonjwa. Tena hiyo pamba umeiweka upande gani? Haiondoi, haiongezi, inasogeza.

MtunzaWaridi

Mama, shikamoo. Umegusa penyewe, na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Anza na doa. Ukilikata, jani linapungua. Jani la waridi lina vijijani vitano au saba, na kimoja kikiwa kidogo kuliko pacha wake wa upande wa pili, jaji anakiona hata akiwa amesimama. Nimesikia majaji wakisema "hapa pamepita mkasi" bila kuinama, na alama zinakatwa kwenye zile 20 za shina na majani. Ugonjwa wenyewe, kuvu inayoitwa Diplocarpon rosae, hauishii kwenye doa moja. Unaanza majani ya chini, jani linageuka manjano kuzunguka doa, kisha linaanguka. Ukikata kila palipougua, unabaki na shina lenye majani ya kuhesabu, na shina la namna hiyo halina pa kujificha.

Kwa hiyo niseme vizuri zaidi nilichokuwa nakisema. Kuondoa kunavumilika kwa sababu kunaacha alama, na jaji anaweza kuitoza. Kuna pengo, kuna kovu, kuna kijijani kifupi. Hata vitumba vya pembeni ni hivyo hivyo. Anayetaka ua moja kubwa juu ya shina huvivunja mapema, vikiwa vidogo kabisa, na mahali pake panapona. Anayevivunja asubuhi ya mashindano anaacha kidonda kibichi, na kinamgharimu. Tone la mafuta halimwachii jaji chochote cha kutoza. Kazi yake ni kufuta ushahidi, na ndiyo maana adhabu yake ni kutolewa nje na si kupunguziwa alama.

Pamba ni ngumu zaidi, nakubali. Ninavyoiona mimi, pamba haiwezi kulipa ua kitu ambacho halina. Petali yenye nyama inashuka na kutulia pale ilipowekwa. Petali dhaifu inashuka, halafu ukumbi ukipata joto inazidi kushuka, na saa ya jaji kufika ua limeshafunguka mno. Zile alama 15 za uimara wa petali haziguswi na pamba hata kidogo.

MsomajiWaZamani

Hii kazi ya kulivalisha ua ilianza lini? Maana nahisi wazee wa Kiingereza walikuwa wakali kuliko ninyi.

MtunzaWaridi

Walikuwa wakali kwa mambo mengine na walegevu kwa haya. Maonyesho makubwa ya kwanza ya waridi ya kitaifa Uingereza yalifanyika tarehe 1 Julai 1858 katika ukumbi wa St James's Hall, London. Mwandaaji alikuwa kasisi Samuel Reynolds Hole, ambaye mwaka 1876 alikuja kuwa rais wa kwanza wa chama cha waridi cha nchi hiyo. Enzi zile waridi lilionyeshwa ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, limezungukwa na kuvumwani, kichwa tu kikiwa juu. Shina na majani vilizama. Sasa fikiria: mambo yanayobeba alama 20 huku kwetu, jaji wa zama zile hakuyaona vizuri.

Kwa maua ya karnesheni (carnation) ya maonyesho ilikuwa zaidi. Ua lilivalishwa kola ya karatasi nyeupe shingoni, na fundi mwenye kibano alizipanga petali juu ya kola moja baada ya nyingine, anang'oa iliyopinda, anailaza iliyosimama, mpaka duara linakuwa sawasawa. Krisanthemamu nazo zilipitishwa kwenye vibano vya namna hiyo hiyo. Hakuna aliyeongeza kitu! Wote waliondoa na kusogeza tu. Lakini mwisho wa kazi ile, aliyestahili kikombe alikuwa mwenye vidole vyepesi, na si lazima awe aliyeamka kumwagilia. Hapo kuondoa kumevuka mpaka, kwa sababu petali ishirini zikishang'olewa na pengo likafunikwa na kola, alama ya kutoza haipo tena.

Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia "hii ni desturi ya zamani" kama utetezi. Kola ya karatasi nayo ilikuwa desturi.

MfugaNyukiTabora

Naomba niingie kwa upande wangu. Mnabishana pamba na mkasi, lakini sijasikia mtu akitaja dawa. Jani lisilo na tundu hata moja, petali isiyo na kidonda, hivyo havipatikani bure. Vinapatikana kwa kupuliza sumu. Nyuki wangu hawajui kama ua ni la mashindano. Hiyo siyo maadili?

MtunzaWaridi

Ndiyo maadili, na kwangu mimi ni kubwa kuliko yote tuliyosema hapo juu. Ile fomu ya alama 100 haina mstari hata mmoja unaouliza ua lilifikaje hapo. Mabaki meupe ya dawa yakionekana kwenye jani unapunguziwa alama kwa uchafu. Ukiyafuta, umemaliza. Yaani kanuni inaadhibu vumbi la dawa na kuiacha dawa yenyewe.

Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku matumizi ya nje ya dawa tatu za jamii ya nionikotinoidi, imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu, kwa sababu ya madhara kwa nyuki. Zinaingia ndani ya mmea na kufika hadi kwenye chavua na nekta, kwa hiyo hata ukipuliza jioni nyuki wakiwa wamelala, kesho yake watazikuta. Mpandaji wa mashindano anapotumia dawa ya namna hii ili jani lisitobolewe, amepata alama zake kwa gharama ya bustani ya jirani, na mzinga wa jirani.

Mimi dawa ya wadudu sitii. Vidukari nawaosha kwa maji ya bomba asubuhi, wale wanaotafuna majani nawaacha wale sehemu yao. Na hapa nirudi kwa Mama Limuru, kwa sababu mambo haya mawili yanashikana: ule mkasi wenye meno ndio unaoniwezesha kuacha sumu. Kanuni ingekataza kugusa ukingo wa jani, wengi wangekimbilia dawa ili majani yabaki mazima. Nikipewa kuchagua kati ya jani lililopunguzwa kidogo na mti uliopulizwa, sina la kufikiria. Ningependa hata maonyesho yawe na daraja la waridi lisilopulizwa, majaji wafundishwe kulisoma jani lenye tundu bila kukunja uso.

MfugaNyukiTabora

Nimekuelewa. Hilo daraja likija, liwe na njia ya kuhakikisha, la sivyo nalo litakuwa la maneno.

KakaWaNaivasha

Kweli. Sisi mashamba yenye vyeti tunakaguliwa na daftari la dawa lipo. Mpandaji wa nyumbani nani atamkagua? Mkuu, halafu hujatuambia: mmewahi kumkamata mtu mkono kwa mkono?

MtunzaWaridi

Nilikuwepo mara moja. Jina la mtu na la maonyesho sitaji, wala msiniulize inbox.

Ilikuwa meza ya waridi jeupe, aina moja, vyombo vimepangwa mstari mmoja. Moja lilikuwa zuri kupita mengine, na majani yake yaling'aa, lakini yaling'aa vibaya. Jani la waridi lina mng'ao uliotulia, unafuata mishipa yake. Hili lilirudisha taa ya dari nzima nzima, na tone la maji lililobaki juu yake lilikuwa limejikusanya duara kamili badala ya kutanda. Jaji alisimama pale kwa muda. Akaomba karatasi laini, akabana ncha ya jani moja la chini, akavuta taratibu. Karatasi ilitoka na doa linalopenya mwanga. Akawaonyesha wenzake wawili, nao wakafanya vivyo hivyo kwenye jani jingine. Hakuna aliyepaza sauti. Nikaambiwa niandike sababu kwenye kadi, nikaandika.

Kilichoniuma ni ua lenyewe. Umbo lilikuwa safi, petali ngumu, kitovu kimesimama sawasawa. Majani yale yangefutwa kwa maji tu lingeshika nafasi ya juu. Mtu aliyelikuza alikuwa ameifanya kazi ngumu yote kwa uaminifu, akaharibu dakika ya mwisho kwa kuogopa kwamba ukweli wake hautoshi.

MamaLimuru

Pole kwake. Lakini niulize tena, nawe unisamehe kwa kukusumbua. Friji je? Nasikia huko watu wana friji ya pili kwa ajili ya maua tu. Ua linakatwa Jumatano linashinda Jumamosi. Hilo linaacha alama gani?

MtunzaWaridi

Hunisumbui, Mama.

Friji inaruhusiwa. Waridi likikatwa likiwa limefunguka kiasi cha theluthi, likawekwa kwenye baridi ya nyuzi chache juu ya kuganda, linasimama karibu pale pale kwa siku kadhaa. Lazima friji isiwe na matunda, maana tufaha na ndizi hutoa gesi ya ethilini inayozeesha ua. Alama ipo: waridi jekundu lililokaa sana huanza kuingia ubluu kwenye kingo, na mengine hupata vidoa vya unyevu. Hata maonyesho ya Chelsea kule London, yanayofanyika Mei tangu mwaka 1913, mezani huwa kuna daffodili ambazo msimu wake bustanini umeshapita. Zimecheleweshwa kwenye vyumba vya baridi na kila mtu anajua.

Hilo la kujulikana ndilo linalonifanya niikubali. Friji haimdanganyi jaji, anajua ipo. Ila inatenganisha watu. Mwenye friji ya pili anachagua siku ambayo ua lake limekamilika, asiye nayo anachaguliwa na hali ya hewa. Si uongo, lakini ni upendeleo, na sijaona maonyesho yaliyojaribu kuutazama usoni. Madaraja ya wanaoanza na ya watoto yapo, hayo yanasaidia kidogo.

Kuna jambo ambalo hata majaji wenyewe wanatofautiana: msaada. Mzoefu akimsogelea anayeanza, akamtolea pamba na kumpunguzia jani, ua hilo sasa ni la nani? Wapo wanaosema ni ukarimu, kila mtu alianza hivyo. Mimi naona amwonyeshe kwa ua jingine, kisha mwenye ua afanye kwa mkono wake, hata akikosea. Mkono ule ni sehemu ya dai lililoandikwa kwenye kadi.

AnayeanzaKupanda

Wakuu, mimi niko Minnesota, Mtanzania, ni mara yangu ya kwanza kushiriki na maonyesho ni wiki ijayo. Sina friji ya pili, sina mkasi wenye meno. Niende au nisubiri mwakani?

MtunzaWaridi

Nenda. Ingia daraja la wanaoanza.

Kata waridi asubuhi na mapema kabla jua halijachoma, na shina lake liende moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Usingoje lifunguke lote. Majaji wanalitaka likiwa kati ya nusu na robo tatu. Kata mawili au matatu, maana barabarani moja litakusaliti. Futa majani kwa kitambaa cha pamba chenye maji safi, juu na chini, na chini ndipo buibui wekundu wanapojificha. Petali ya nje iliyochanika ukiitoa, itoe yote mpaka shinani mwake, usiikate katikati. Kisha lizungushe ua uone kama umeacha pengo. Likiwa kubwa kuliko kasoro uliyoiondoa, chukua ua la pili.

Ukitumia pamba, hesabu vipande unavyoweka na uhesabu unavyotoa. Jina la aina liandike kamili, kwa herufi zinazosomeka, kama lilivyo kwenye kibandiko ulichonunua nacho mche. Kama kibandiko kimepotea na huna uhakika, mwulize mtu wa mapokezi kabla hujajaza kadi. Wapo watu pale kwa kazi hiyo, na wanafurahi kuulizwa.